Mwandikie Mteja Akukague: Ushauri kwa Wenye Biashara wa Meru na Embu

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. Mwenye agroveti Nkubu anauliza kwa nini maandishi yake kuhusu chanjo ya kuku husomwa na wengi, kisha haohao huenda kununua kwa jirani. Mwenye kitalu cha miche karibu na Runyenjes analalamika kwamba anaandika kila siku na hakuna anayepiga simu. Muuza asali wa Siakago anataka kujua aandike nini ili watu waache kumuuliza kama ametia sukari.

Ninyi nyote mnauliza jambo moja: nimwandikie mteja vipi hadi aniamini?

Jibu langu ni fupi. Andika yale ambayo mteja anaweza kuyakagua mwenyewe hata usipokuwepo. Bei, kipimo, tarehe, aina, kasoro, na mahali pa kuhakikisha. Yaliyobaki katika makala haya ni namna ya kulifanya hilo wiki baada ya wiki, iwe unaandika kwenye simu, kwenye kipeperushi au kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa duka.

## Kumbuka anayekusoma ameshaumwa

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wateja wa sehemu hizi wameumwa mara nyingi, na mara nyingi waliumwa kupitia maneno matamu.

- Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 nchi ilishikwa na homa ya kware. Watu waliambiwa mayai ya ndege hao yanatibu maradhi chungu nzima. Wengi walinunua ndege kwa bei ya juu, na muda si mrefu soko likaporomoka.
- Mwaka wa 2024 mbolea ya ruzuku isiyofikia viwango ilipatikana ikiuzwa kwa wakulima kupitia maghala ya serikali, hadi serikali ikalazimika kuzungumzia fidia.
- Na nani hamjui mtu aliyenunua miche "iliyobebeshwa", akaitunza miaka mingi, kisha akagundua kwamba ilikuwa imeoteshwa tu kutokana na kokwa?

Kwa hiyo ukiandika "bidhaa bora kabisa, bei nafuu, karibuni wote", msomaji ameshayasikia maneno hayo kutoka kwa aliyemlia pesa zake. Usishangae akipita.

## "Lakini chema chajiuza!"

Methali hiyo mnanirushia sana, na waliobaki huongeza kwamba hapa kwetu watu huamini mdomo kuliko maandishi.

Ni kweli kwamba chema hujiuza kwa aliyekwisha kukionja. Mama anayenunua kwako ndizi Gakoromone kila Jumamosi hahitaji kusoma chochote. Anayehitaji ni yule wa Kiritiri au Laare ambaye hajawahi kukuona na anapiga hesabu ya nauli kabla ya kutoka nyumbani.

Mdomo nao ni mzuri, ila hubadilika njiani. Jirani atasema "pale kwa fulani miche ni rahisi", asikumbuke aina wala bei. Maandishi mazuri humpa jirani huyo kitu cha kuonyesha badala ya kukisia. Yanausaidia mdomo, hayashindani nao.

## Hatua ya kwanza: Kusanya maswali kabla ya kuandika

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukaa chini na kujiuliza, "Leo niandike nini?" Si wewe unayejua. Mteja ndiye anayejua.

Fanya hivi kwa wiki mbili:

1. Weka daftari kaunta.
2. Kila swali unaloulizwa, liandike kwa maneno yaleyale ya muulizaji. Usilisafishe.
3. Swali likirudi, tia alama kando yake.
4. Andika pia sababu za watu kuondoka bila kununua: "nitarudi", "niulize mzee kwanza", "kwa fulani ni hamsini chini".
5. Mwisho wa wiki mbili, swali lenye alama nyingi ndilo andiko lako la kwanza.

Utashangaa jinsi maswali yalivyo ya kawaida. Watu hawaulizi historia ya duka lako. Wanauliza kama dawa hii itadhuru nyuki, kama mche huu utastahimili jua la Mbeere, kama unaweza kuweka mzigo kwenye matatu ya kwenda Maua, na nani atalipia ukiharibika.

Onyo: usiache swali kwa sababu jibu lake linakuaibisha. Kama wengi wanauliza kwa nini bei yako iko juu, hilo ndilo la kuandikia kwanza.

## Hatua ya pili: Andiko moja, swali moja

Andiko moja lisibebe kuku, mbolea, ofa ya Krismasi na salamu za Pasaka. Chagua swali moja na ulijenge hivi:

- Mstari wa kwanza: swali lenyewe, jinsi watu wanavyoliuliza.
- Mistari miwili inayofuata: jibu. Usilifiche hadi mwisho ukidhani msomaji atasubiri.
- Katikati: hatua, kipimo, bei, tarehe. Hapa ndipo pa kukaa.
- Kisha: nani hafai kununua kitu hiki, au lini hakifai.
- Mwisho: mahali ulipo, saa za kufungua, simu, na namba ya kulipia pamoja na jina litakalojitokeza kwenye simu ya mteja anapolipa kwa M-Pesa.

Jambo hilo la jina watu hulidharau. Mteja akiona jina asilolitarajia wakati wa kulipa, mkono husita. Mwambie mapema.

Urefu je? Ukimaliza kujibu, nyamaza.

## Mfano: miche ya makadamia

Haya ndiyo maandishi ninayoyaona kila mahali:

"MICHE BORA KABISA YA MAKADAMIA!!! Inazaa haraka sana. Tajirika na shamba lako. Wahi kabla haijaisha. Piga simu SASA!"

Hakuna hata neno moja hapo ambalo mteja anaweza kulikagua. Sasa tazama haya, nafasi zilizo wazi ujaze mwenyewe:

"Mche wa makadamia uliobebeshwa huanza kuzaa lini? Ukiutunza vizuri, tarajia matunda ya kwanza kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Mavuno ya kutegemewa huja baadaye. Tunazo aina za MRG-20 na KRG-15. Tulibebesha mwezi wa ___. Bei leo tarehe ___: shilingi ___ kwa mche mmoja. Kabla ya kulipa, angalia pale shina na kikonyo vilipounganishwa: pawe pamefunga na pasiwe na nyufa. Kama shamba lako liko sehemu kavu na huna maji ya kunyweshea, usinunue kwanza, njoo tuzungumze. Kibali cha kitalu kiko ukutani, kiulize."

Angalia yaliyobadilika:

- Ahadi ya utajiri imeondoka, muda wa kungoja umeingia.
- Aina zimetajwa kwa majina yanayojulikana kwa maafisa wa kilimo, kwa hiyo mkulima anaweza kumuuliza mtu mwingine kabla ya kuja.
- Mteja amefundishwa kukagua mche. Anaweza kwenda na ujuzi huo hata kwa mshindani wako. Mwache aende. Miche yako ikiwa mizuri atarudi.
- Kuna mtu aliyeambiwa asinunue. Mstari huo ndio utakaosomewa wengine kwa sauti.

## Bei: iandike

"Washindani wataiona." Hii ndiyo hofu ninayoisikia zaidi kuliko zote.

Washindani wanaijua tayari. Wakitaka kuijua humtuma mtoto aulize. Asiyeijua ni mteja wa Tigania ambaye anaona "bei ni maelewano, njoo inbox" na kuelewa kwamba bei itategemea viatu alivyovaa.

Namna ya kuiandika:

1. Bei na tarehe yake. "Bei ya leo" isiyo na tarehe ni chanzo cha ugomvi.
2. Kama hubadilika, taja kati ya ngapi na ngapi, na kinachoibadilisha: mvua, barabara, msimu.
3. Taja kipimo kwa kilo pamoja na kipimo cha sokoni. Ukisema debe, gorogoro au kasuku, ongeza ni kilo ngapi kwako.
4. Taja gharama za pembeni: usafiri, gunia, kupakia.
5. Kama kuna bei ya jumla, sema inaanzia mche wa ngapi au gunia la ngapi.

Wanaouza viazi kutoka Kibirichia na Timau wazingatie zaidi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, haijaisha. Ukiandika "gunia", kila mtu anaona gunia tofauti. Andika "gunia la kilo 50, limepimwa kwa mizani", na umkaribishe mteja alipime mbele yako.

### Kama wewe ndiye mnunuzi

Wengi wenu hamuuzi kwa mkulima, mnanunua kwake: makadamia, parachichi, ndengu, maziwa. Mkulima akisikia "broka" anakunja uso. Maandishi yako yajibu maswali manne:

- Unalipa ngapi kwa kilo, shambani au kwenye ghala lako?
- Unalipa lini? "Papo hapo" na "baada ya siku saba" ni mambo mawili.
- Unakataa nini, na kwa kipimo gani?
- Kilichokataliwa kinarudi kwa mkulima au kinabaki kwako?

Kwa makadamia una nafasi nzuri ya kufundisha. Eleza kwamba karanga iliyokomaa huanguka yenyewe, na ukipasua ganda la kijani ndani huwa limegeuka rangi ya kahawia. Eleza pia jaribio la maji: kiini kilichokaushwa kinapofikisha mafuta asilimia 72 au zaidi huelea, na kichanga huzama. Mkulima akijua hayo atapunguza kuvuna mapema, na siku ukikataa mzigo wake atajua hukumwonea. Taja vilevile kwamba Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) hufunga na kufungua msimu wa kuvuna, na kwamba hununui wakati umefungwa. Kisha usinunue kweli.

## Sema kasoro kabla mteja hajaigundua

Hapa ndipo wengi hunipinga. "Nitajiuaje mwenyewe?"

Hujiui. Kasoro ataiona tu. Tofauti ni kama ataiona akiwa amekwisha kuisoma kwako, au akiwa jikoni kwake na hasira.

- Viazi vya Shangi hupikika upesi na watu huvipenda, lakini huchipua haraka. Mwambie mteja asivinunue vya kuweka muda mrefu.
- Asali huganda. Watu wengi hudhani asali iliyoganda imetiwa sukari. Waeleze kwamba asali halisi nayo huganda, na namna ya kuirudisha: weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, usiichemshe. Usiwaahidi majaribio ya kiberiti au ya kudondosha kwenye maji, hayategemeki. Badala yake taja ulikoitoa na mwezi ulioirina.
- Miraa na muguka hupoteza nguvu kadiri saa zinavyopita. Anayeuza aandike saa ya kuchuma. Mnunuzi wa mbali anaijali saa hiyo kuliko sifa zote utakazoziandika.
- Dawa ya kupulizia ina siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ziandike kwanza, jinsi zilivyo kwenye lebo, hata kama unajua zitamfanya mteja achague nyingine.

Onyo: kasoro isiwe ya kujisifu. "Kasoro yetu ni kwamba tunauza haraka mno" ni dharau kwa msomaji.

## Mpe mahali pa kuhakikisha

Neno lako peke yake halitoshi, na hilo si tusi. Mpe mtu njia usiyoishikilia wewe:

- Mbegu zilizoidhinishwa na KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, zina kibandiko cha kukwaruza. Mteja hutuma namba iliyofichwa kwenda 1393 kwa ujumbe wa simu na kujibiwa. Mwandikie namna ya kufanya hivyo hapo kaunta, kabla ya kulipa.
- Bidhaa zenye alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, zina namba ya kibali. Huandikwa SM# ikifuatiwa na namba hiyo, kisha hutumwa kwenda 20023.
- Dawa za wadudu na magugu lazima ziwe zimesajiliwa na bodi ya dawa hizo, PCPB. Andika namba ya usajili iliyo kwenye chupa.
- Kuhusu udongo na aina za mbegu, waelekeze kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Embu au kwa afisa wa kilimo wa wadi yao.

Mteja atakayekuta mambo ni kama ulivyosema mara moja, mara nyingi hatahakikisha tena.

Sheria nayo iko hapa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Ukiandika kwamba unga wako unatibu kisukari, umetoka kwenye biashara na kuingia kwenye matatizo.

## Picha na ushuhuda wa wateja

Mteja aliyefurahi ni ushahidi mzuri, lakini si mali yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu hata duka dogo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka hadharani picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Fanya hivi:

1. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, si baada ya kuisambaza.
2. Sema utaitumia wapi.
3. Pata ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu unatosha kuwa kumbukumbu.
4. Mtu akikuambia uiondoe, iondoe bila kubishana.
5. Watoto waache kabisa, isipokuwa mzazi ameridhia.
6. Usionyeshe risiti au ujumbe wa M-Pesa wenye jina na namba ya mtu.

Na picha ziwe zako. Parachichi la shamba la Peru halitamsadikisha mkulima wa Kianjokoma ambaye anajua udongo wake ni mwekundu kiasi gani. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole, lakini ya kitalu chako mwenyewe, ina faida zaidi.

## Lugha gani?

Andika mwili wa habari kwa Kiswahili chepesi, na majina ya vitu kwa lugha ya wanaovitumia. Sababu ni hii: Kimeru si kimoja. Msemo wa Imenti unaweza kumchekesha mtu wa Igembe. Embu nako kuna Kiembu na Kimbeere. Kiswahili kinawafikia wote, pamoja na mwalimu kutoka Kakamega na mfanyakazi wa benki aliyehamishwa juzi.

- Jina la mdudu, gugu au ugonjwa: weka la kienyeji kando ya lile la Kiswahili, kisha picha.
- Maneno ya ofisini kama "kwa mujibu wa" na "kuhusiana na suala zima la" yafute.
- Sheng' itakuletea vijana na kumpoteza mama anayeshika pesa za chama. Jua unamwandikia nani.
- Msomaji wako anaweza kuwa mzee wa miaka sabini. Kumwamrisha "changamka!" ni kumkosea. "Karibuni mzee, karibuni mama" haigharimu kitu.
- Msomee mtu kwa sauti kabla ya kutuma. Pale atakapouliza "eti nini?", paandike upya.

Kwa redio kama Muuga FM na Wimwaro FM mambo ni tofauti, hapo lugha ya nyumbani ndiyo mwenye nyumba. Ukipata nafasi ya kutangaza huko, chukua andiko lako lililofanya vizuri ulitafsiri na mtu wa eneo hilohilo, usikisie.

## Andika kabla ya msimu

Ushauri unaofika baada ya mvua ni majuto. Tuma wiki tatu au nne kabla ya mkulima kuhitaji.

- Februari: maandalizi ya mvua za Machi hadi Mei, mashimo ya miche, mbegu.
- Agosti na Septemba: Mbeere na sehemu za chini za Meru hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile ndefu. Hapa ndipo pa ndengu, mtama na mahindi ya muda mfupi.
- Septemba na Oktoba: bonasi ya majani chai inakaribia kwa wakulima wa viwanda kama Rukuriri, Mungania, Githongo na Kionyo. Wauzaji wa mabati, matangi na ng'ombe, waandikie sasa namna ya kulinganisha bei. Usiandike namna ya kuzimaliza pesa.
- Oktoba hadi Desemba: mavuno makubwa ya kahawa. Watu wana kazi, andika mafupi.
- Desemba mwishoni: ada na sare za shule. Anayeuza kwa malipo ya awamu aeleze masharti yote, pamoja na kinachotokea mtu akichelewa.

Habari za ghafla zitakuja pia. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kupiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha kwa muda marufuku za Mombasa na Kilifi, uvumi ulienda kasi kuliko magari. Siku kama hizo andika mambo matatu tu: unachokijua, umekijua kutoka wapi, na saa ngapi. Uvumi usiupitishe hata kwa "nimesikia".

## Malalamiko yakija

Yatakuja. Wasomaji wengine wataangalia unavyojibu kuliko walivyoangalia bidhaa.

1. Jibu siku hiyohiyo, hata kama ni kusema unafuatilia.
2. Usimtaje mtu kwa deni lake au siri yake.
3. Sema utakachofanya na lini.
4. Ukikifanya, rudi uandike kwamba kimefanyika.
5. Kama kosa ni la mteja, eleza namna ya kuliepuka bila kumwaibisha.
6. Usifute lalamiko kwa sababu linauma. Futa matusi tu.

## Makosa ninayoyaona kila wiki

- Kunakili andiko la mtu wa Nakuru pamoja na namba yake ya simu.
- Herufi kubwa tupu na alama za mshangao tatu tatu.
- "Zimebaki chache!" kwa mwezi mzima.
- Kumsema mshindani kwa mafumbo. Mji ni mdogo, kila mtu anajua unamsema nani.
- Kuandika kila siku kwa wiki moja, kisha kunyamaza miezi mitatu.
- Kuacha bei ya zamani ikizunguka bila kuirekebisha.
- Kujibu maswali kwa "njoo dukani". Aliyeuliza yuko Mutuati.

## Mnauliza pia

Sina muda. Andiko moja kila wiki mbili linatosha, mradi liwe la kuaminika na lisikatike.

Mwanangu yuko chuo, si aandike yeye? Aandike, lakini kwanza akae kaunta siku moja asikilize. Na wewe usome kabla hajatuma, kwa sababu ahadi ni yako.

Nitumie akili unde? Inaweza kukunyooshea sentensi. Haijui bei yako, haijui mvua ya Kiritiri mwaka huu, na inaweza kukutungia takwimu zinazopendeza. Namba yoyote usiyoweza kuonyesha ilikotoka, itoe.

Nikieleza kila kitu, si watu watafanya wenyewe? Wachache watafanya. Wengi wataona kazi ilivyo ndefu na kukuita wewe, wakijua unajua.

Nitajuaje inafanya kazi? Usihesabu waliotazama. Hesabu wanaokuja wakiwa tayari wanajua bei, wanaokuonyesha maneno yako kwenye simu, na wanaosema wametumwa na mtu aliyekusoma. Andika hesabu hiyo kwenye daftari lilelile la maswali.

## Kabla ya kutuma, jikague

- Swali ni moja, na jibu liko juu?
- Bei ina tarehe na kipimo?
- Kuna kasoro au onyo la kweli?
- Kuna njia ya mteja kuhakikisha bila mimi?
- Kila picha ni yangu, na kila aliyeonekana ameridhia?
- Naweza kuyarudia maneno haya mbele ya mteja aliyekasirika?

Hilo la mwisho litakufika. Siku moja mteja atasimama kaunta na kukuambia, "Lakini uliandika hivi." Usikasirike. Huyo amekusoma, amekumbuka, na amepanda matatu akitegemea maneno yako. Kama ulichoandika bado ni kweli, mtimizie hapohapo. Kama hali imebadilika, mtimizie yeye kwa bei ya zamani, kisha kabla ya kufunga duka rekebisha andiko na utie tarehe ya leo.